Mtafsiri wa mambo ya divai hapa Lubumbashi, huyu mama nampa alama zote

Wenye kuuza divai ya Afrika Kusini hapa Lshi hii shida mnaijua. Kamyo inavuka Kasumbalesa kwenye mpaka wa Zambia, mzigo unafika, fishi zote za divai (karatasi zenye maelezo ya kila divai) ziko paka kwa Kingereza, na mahoteli na marestora wanataka Kifaransa juu serveri ndiye anasoma na kumweleza mteja mezani. Watafsiri wa Kingereza na Kifaransa wako wengi mjini, mwenye anajua mzabibu ndiye kazi kumpata.

Kwanza tulipeleka kwa biro moja ya katikati ya mji, watu wa heshima, mikataba ya migodi wanaitafsiri safi kabisa na muhuri juu. Fishi zetu zikarudi, pahali pa "bush vine" wameandika "vigne de brousse", yaani mzabibu wa pori. Jamani! Bush vine ni mzabibu unaosimama wenyewe bila waya, unakatwa mfupi, Wafaransa wanauita gobelet, pori haina kazi pale. Kwingine waliweka champagne pahali pa Cap Classique, na hiyo si jambo dogo, juu jina champagne ni la divai ya Champagne kule Ufaransa tu, ndiyo maana Waafrika Kusini walijitafutia jina lao kwa divai yenye mapovu inayochacha mara ya pili ndani ya chupa. Mteja mwenye kujua akiona vile hakuamini tena.

Sasa yule mama. Mpishi wa hoteli moja ndiye alituelekeza kwake, ni mtu aliyefanya kazi mu mashamba ya mizabibu kule Cape kabla ya kurudi nyumbani. Tulimpa ukurasa mmoja wa kujaribu, wa kulipwa, fishi ya divai ya zabibu za Pinotage, ya maandishi ya zamani. Mbele ya kuandika akapiga simu: hapa wameandika Hermitage, mnajua ni zabibu ya Cinsaut? Akaeleza kwamba Perold, profesa wa mambo ya mizabibu, alizalisha Pinotage kule Stellenbosch mwaka 1925 kwa kuchanganya Pinot Noir na Cinsaut, na wakati ule Cinsaut kule iliitwa Hermitage, sasa ukiiacha hivyo Mfaransa atafikiri ni ile Hermitage ya bonde la Rhône yenye zabibu za Syrah. Steen nayo, jina la kule Afrika Kusini la zabibu ya Chenin Blanc, akaiandika Chenin Blanc bila kuulizwa. Halafu akauliza tena, divai hii ilikaa mu pipa mpya ao ya zamani, juu fishi inasema tu imekaa mu mbao na serveri ataulizwa ladha yake. Hapo nikasema basi, huyu ndiye!

Bei ni dola 15 kwa ukurasa, iko juu kuliko biro, na kazi ya haraka-haraka hapokei, ukimletea ijumaa jioni ukitaka jumatatu anakataa kwa upole. Muhuri wa kiapo hana, kwa hiyo makaratasi ya duane (forodha) peleka kwingine.

Mwenye kumtaka aniandikie inbox, nitamuuliza mama kwanza kama ana nafasi, na tayarisha fishi yako ngumu kuliko zote ndiyo umpe ya kwanza.