TAHADHARI: bei ya shilingi isikuzuzue, hao watu hawako Dar

Jamani nimepigwa hela na duka la mtandaoni. Wanaotaka kucheka wacheke kwanza, wakimaliza wasome, kwa sababu hawa washenzi bado wako hewani na tangazo lao limepita kwenye simu yangu hata leo asubuhi.

Mimi ni mpiga picha za harusi, na baada ya lensi ya kamera yangu kupata mkasa kule Bagamoyo nilikuwa natafuta nyingine. 85mm, na mwenye harusi ya Jumamosi ameshatoa nusu ya hela. Kariakoo nimezunguka, aliyekuwa nayo anataka milioni moja na laki sita na hashuki hata mia. Ndipo likajitokeza hilo duka la mtandaoni: TSh 1,290,000. Na msiniletee habari za tamaa hapa. Laki tatu ni tofauti ya kawaida kwa mtu asiyelipa kodi ya fremu ya duka.

Kilichonimaliza ni ile shilingi. Sio dola, sio "kuanzia". Shilingi kamili, kibendera cha Tanzania pembeni, na chini yake "Duka lako la Dar es Salaam". Juu kulia kuna sehemu ya kuchagua sarafu: shilingi ya Kenya, ya Uganda, faranga ya Rwanda, riali ya Oman, hata sarafu za mtandaoni, Bitcoin na USDT. Nikabonyeza ya Kenya, bei ikageuka hapo hapo, nikapiga hesabu kwenye simu, ikakubali. Sasa niambieni, tapeli gani anahangaika na faranga ya Rwanda? Mtu anayeuza kwa shilingi ana akaunti ya shilingi, ana mtu wake hapa, ana mahali pa kumfuata. Ndivyo nilivyowaza, na wewe ungewaza hivyo hivyo.

Nikaenda kulipa. Kadi ikazunguka weee, mwisho "imeshindikana". Malipo ya simu: "yako kwenye marekebisho". Iliyobaki ni USDT, tena wanakupa punguzo la asilimia 5. Hapo ikatokea saa nyekundu, 15:00, 14:59, 14:58, "kiwango hiki kinakaribia kuisha". Mikono inatetemeka, mke wangu ananiuliza nini, namwambia subiri. Na hiyo saa ndiyo inayoniuma mpaka sasa! Maduka halali yanayopokea Bitcoin nayo yanaweka saa, maana Bitcoin inapanda na kushuka, wanashikilia bei kwa dakika chache. Lakini USDT imefungwa kwa dola moja. Ndani ya robo saa inakimbilia wapi?

Wakaniandikia USDT 557. Nikanunua kwa jamaa anayeuza, nikamlipa kwa simu, nikatuma kwenye anwani yao ya kupokelea USDT, ile ndefu inayoanza na T. Baadaye nimetulia ndiyo nikagawanya: walinihesabia dola kwa shilingi 2,200, wakati mimi kila moja nimeinunua 2,550. Kwa hiyo lensi ya milioni moja na laki mbili tisini, yenye "punguzo", imenitoka milioni moja na laki nne na ushee. Wameniibia kwenye kubadilisha kabla hata hawajaniibia mzigo!

Haikuishia hapo. Ada ya kutuma ilikata 1, wakapokea 556. Barua pepe ikaja: "Malipo pungufu. Oda imesitishwa. Ongeza 45 ndani ya saa moja." Nikaongeza, ningeacha hela yote hiyo ipotee kwa sababu ya dola moja? Kesho yake wakataka 120 za ushuru wa forodha. Ushuru? Si mmesema mko Dar? Tena ushuru wa nchi hii unalipwa TRA kwa kontroli namba, sio kwenye anwani ya mtu. Nikawauliza hivyo hivyo. Wakanifungia.

Binti wa mama mdogo yuko Muscat, nikamtumia kiungo. Kwake lensi ile ile, picha ile ile, riali 191, kibendera cha Oman, "Duka lako la Muscat". Kumbe ni programu tu, inasoma intaneti yako inatokea nchi gani inakupakia bei ya kwenu. Yeyote mwenye duka la mtandaoni anaifunga kwa mchana mmoja. Haina uhusiano wowote na mahali alipo muuzaji.

Na wewe unayekuja kuniandikia kwamba Benki Kuu ilishatahadharisha kuhusu hizi sarafu tangu 2019, najua, kaa nayo.

Sasa ya kuangalia: bei ya shilingi halafu malipo hayana shilingi, ondoka. Kadi inayogoma nayo wanaigomesha makusudi, maana hela ya kadi ungeweza kuipinga benki, ya USDT ikishatoka imetoka. Na duka linalosema liko Dar likadai dola, kanuni za fedha za kigeni za Machi 2025 zimeshakataza hilo.

Hawa watu wakamatwe. Wafungwe kwa ile Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, wafilisiwe mpaka viatu, wapigwe picha, na mimi nitapiga hizo picha bure kwa lensi ya kuazima! Wanakula jasho la mtu aliyesimama harusini mpaka saa nane usiku bila kula!

Jina la duka siandiki hapa, kuna watakaokwenda kulichungulia wakajikuta wamenunua. Anayelihitaji aje inboksi. Mwenye ndugu anayeshughulika na makosa ya mtandao polisi aniunganishe leo, nina barua pepe zote na ile anwani. Na mwenye 85mm ya kukodisha Jumamosi, aseme bei. Kwa shilingi, taslimu, mkononi.