details na summary: akodioni iliyomo ndani ya HTML

Ukijenga kurasa za maswali na majibu, jaribu elementi mbili za HTML (lugha ya kuundia kurasa za wavuti), details na summary, kabla ya kupakua maktaba yoyote ya JavaScript, yaani msimbo ulioandikwa tayari na wengine. Kwa pamoja huunda akodioni: vichwa ambavyo ukivibofya maelezo yake hufunguka au kufungika. Summary hubeba kichwa kinachobofywa, details hufunika maelezo. Hakuna msimbo wa ziada: Tab inafika kwenye kichwa, Enter inafungua, na kisoma skrini (programu inayomsomea kwa sauti asiyeona) kinamtangazia msikilizaji kama sehemu iko wazi au imefungwa. Maktaba niliyoitumia zamani ilijenga vichwa vyake kwa div tupu (kisanduku cha HTML kisicho na maana maalumu), na asiyetumia kipanya hakuweza kufungua chochote. Hilo tu lilitosha kunihamisha.

Chrome inaongeza jambo zuri sana. Mtu akitafuta neno kwa Ctrl+F, na neno lenyewe limo ndani ya sehemu iliyofungwa, sehemu hiyo hujifungua yenyewe.

Nisichokipenda ni namna watu wanavyoitumia sifa ya name, jina linalowekwa kwenye details, iliyoingia Chrome na Safari mwishoni mwa 2023, kisha Firefox mwaka 2024. Details zenye name moja hufunguka kwa zamu: ukifungua ya pili, ya kwanza inajifunga. Msomaji anayelinganisha masharti ya kurudisha bidhaa na yale ya udhamini analazimika kwenda na kurudi. Vibaya zaidi, sehemu ndefu ya juu inapojifunga, ukurasa unaweza kuruka na kichwa alichokigusa kikapotea, hasa kwenye simu. Mwache msomaji afunge mwenyewe.

Kasoro zipo. Baadhi ya visoma skrini havikitambui kichwa cha h3 (alama ya HTML ya kichwa cha ngazi ya tatu) kilichowekwa ndani ya summary, kwa hiyo anayeruka kutoka kichwa hadi kichwa anakipita bila kujua. Kwangu hii ndiyo dosari kubwa kuliko zote. Sehemu zilizofungwa pia hazichapishwi kwenye karatasi. Mimi huzifungua zote kwa mistari michache inayosikiliza tukio la beforeprint, ambalo kivinjari hulitoa kabla tu ya kuchapisha.

Mengine ni kazi ya mbunifu. Kichwa kinachosema “Maelezo zaidi” hakimsaidii mtu, andika “Nikichelewa kulipa itakuwaje?” na ataamua papo hapo kama afungue. Bei, onyo na tarehe ya mwisho visifichwe kamwe. Na kama una aya tatu fupi tu, ziache wazi, akodioni haihitajiki hapo.