Samaki wa mti wa Wete: niliwaambia msinunue, leo nimekuja na dumu la maji

Assalaam alaykum jamaa zangu. Upepo huo mnaousikia ni kusi, hapa Nungwi siku hizi haukatiki, na ile maiki niliyowaahidi bado iko njiani. Basi nivumilieni, nitapiga kelele. Kamera kashika mpwa wangu. Shika vizuri basi, watu wasije wakapata kichefuchefu na wao wako nchi kavu.

Leo tunaye huyu. Sogeza. Si uso wangu, mkono. Haya, mwoneni. Samaki wa mti, chambo cha kuvulia, kachongwa Wete kule Pemba, kapanda boti mpaka bandari ya Malindi hapa Unguja, kaningojea dukani Darajani. Urefu, uzito, rangi, hayo tulishayamaliza kwenye video iliyopita, sirudii.

Na kwenye video hiyo hiyo niliwaambia nini? Niliwaambia msinunue. Sikatai, nimesema, na watu mia na kitu mmeniandikia mkaniambia ahsante mjomba umetuokoa. Nilikuwa na hasira. Nguru kashika, kenda na mshipi, nimemrudisha taratibu, taratibu, mpaka namwona mistari yake ya ubavuni, mara mshipi ukalegea. Navuta, chambo hichi kinakuja kizima, ila ndoana ya mkia imenyooka kama msumari. Mwenzangu anasema nguru yule kilo kumi. Mimi nasema kumi na tano. Tumebishana mpaka pwani.

Sasa. Siku ya tatu baada ya video, simu. Nambari siijui. Mtu anazungumza pole pole, Kipemba hasa, ananambia, "Kaka, chambo ni changu, lakini ndoana ile uliyoionesha si yangu mie." Nikamwambia ndugu yangu, nimekinunua na ndoana yake, kiko kwenye pakiti yake. Akanambia, "Tazama pete ya mkia. Yangu huwa imezungushwa mara mbili. Hiyo imefungwa na koleo." Nikenda nikatazama. Wallahi imefungwa na koleo. Alama za meno ya koleo zipo. Mpwa wangu, waoneshe. Hapo, hapo. Hiyo mikwaruzo.

Kumbe yeye, fundi mwenyewe, maduka mengine anawapelekea samaki mtupu, mwili bila ndoana, na mwenye duka anatia zake. Hilo nitalirudia, maana lina mambo yake, na mimi bado limenikaa hapa kooni. Lakini kwanza twende majini, kwa sababu kitu kimoja nilikikosea haki kabisa kwenye video ile, nacho ni namna huyu samaki wa mti anavyoogelea.

Haya, nimeingia, maji ya magoti. Mshipi huu pima moja tu. Sina mota, sina tanga, natembea tu kandokando ya ngalawa. Tazameni. Sijafika hata hatua tatu, kashazama, kashaanza. Unaona? Tumbo linapiga kulia, kushoto, kulia, kushoto. Mkia hautikisiki peke yake, mwili wote unapepesuka. Napunguza mwendo, hivi, najikokota kama mzee anayetoka msikitini. Bado anacheza! Vile vya dukani vya plastiki, vingi ukipunguza hivi vinakufa, vinakuja kama kijiti. Huyu hata kwa tanga, siku ya upepo mdogo, anafanya kazi. Na sisi wengine mafuta hayatutoshi ya kurambaza, kuburura chambo nyuma ya chombo, kwa mashine kutwa nzima, tunakwenda kwa tanga. Kwa hiyo kwangu mimi hili ndilo jambo lenyewe. Mshipi nimeushika na kidole kimoja, na kidole kinatetemeka. Ukisikia kidole kimenyamaza ujue kapata jani.

Kinachomfanya acheze ni ulimi huu hapa mbele. Mpwa, njoo karibu, usiogope maji. Huu ulimi ni plastiki ngumu ya kioo cha taa ya pikipiki, taa mbovu, fundi kaikata na msumeno mdogo akaisugua. Ukiukalisha ulimi wima, samaki anapiga sana lakini hazami. Ukiulaza mbele, anazama zaidi na anapiga kidogo. Huyu kaupata katikati. Na chini yake kuna risasi, zile za kubalansia tairi. Kaziyeyusha akazipachika chini ya kidevu, ndo maana hapinduki. Hapo niwaambie, wanaotaka kujaribu nyumbani: risasi usiyeyushie jikoni kwa mama yako. Moshi wake sumu, na watoto wanauvuta. Nenda nje, kaa upande unaotoka upepo, na sufuria ile isirudi tena kwenye wali.

Fundi akanambia jambo jengine likanichekesha. Samaki wake wa mwanzo aliwajaribu kwenye pipa la maji ya kisima, wakakaa sawa kabisa. Kuwatia baharini, wanaelea kama maboya, ulimi haugusi maji. Maji ya chumvi mazito zaidi, kwa lita moja yanazidi kama gramu ishirini na tano, na kwenye kitu chepesi kama msufi hizo gramu zinahesabiwa. Ikabidi aongeze risasi kwa wote. Sasa anajaribia pwani, maji yakijaa.

Na mkimnunua, mkamwona anavutia upande mmoja, msimrudishe dukani. Akienda kushoto, shika pete ya pua kwa koleo, ipinde kulia. Kidogo tu, nusu ya unene wa waya. Akienda kulia, ipinde kushoto. Nilimwona bwana mmoja, sitamtaja, ana chaneli yake huko bara na wafuasi wengi kuliko mimi mara ishirini, anasema vyambo vya kienyeji vyote vinakwenda upande. Kavishika mkononi, kavirudisha mezani. Maji hayajaviona! Bwana wee, chambo unakichambua kikavu?

Haya, tutoke. Tuje kwenye dumu.

Hili dumu la lita ishirini, sote tunalijua. Lita moja kilo moja, hapahitajiki mizani. Kamba nimeifunga kwenye boriti ya banda, inashuka mpaka pete ya pua ya samaki. Dumu nimelifunga kwenye ndoana ya mkia. Kwa hiyo uzito wote unapita ndani ya samaki, kuanzia pua mpaka mkia, kama nguru alivyovuta siku ile. Naanza na ndoana ya dukani, ndugu yake ile ilionyooka, walinipa mbili kwenye pakiti moja.

Mimina. Kopo hili lita moja. Moja. Mbili. Tatu... Tano, hakuna kitu. Sita. Saba, sogea uone hapa kwenye mpindo. Umeanza kufunguka, si ndiyo? Nane. Usimwagie miguu yangu. Tisa... Ah! Umesikia? Hata sikumaliza kopo la tisa. Dumu chini. Itazameni ndoana, mpindo umekuwa kama herufi L. Karibu kilo tisa, imetulia, haina mkia wa kupiga, haina hasira. Sasa nguru anayegeuka mara moja kwa nguvu zake zote atashindwa nini?

Sasa ndoana ya fundi mwenyewe. Kanitumia tatu kwa boti, nikamlipa, msije mkasema nimehongwa. Ni nzito, ukiiweka kiganjani unaisikia. Pete kaizungusha mara mbili kama alivyosema. Mimina wewe, mimi nashikilia. Kumi. Kumi na tano, mpindo haujatikisika. Ishirini. Limejaa. Ngoja, nining'inie kidogo na mkono wangu juu yake... La, boriti inalia, tusije tukavunja banda la watu. Na mwili mnauona? Haukupasuka, haukutanuka. Ndani yake kuna waya mmoja mzima unaotoka puani, unapita tumboni, unatokea mkiani. Kampasua samaki katikati, kalaza waya, kamuunganisha kwa gundi ya araldaiti. Hata mti ukioza, ndoana zitabaki kwenye mshipi. Wengine wanatia skrubu ya pete mkiani basi, na hiyo mti ukishalowa inatoka kama jino la mtoto.

Mtaniuliza mshipi wangu wenyewe unavumilia kilo ngapi. Nimeshasema upepo mkali, sisikii vizuri.

Kwa hiyo fundi hana kosa? Hapo ndo sijaamua, maana nami nilimuuliza: kwa nini unawapelekea bila ndoana? Jina lako lipo ubavuni, ndoana ya mwengine mkiani, samaki akikimbia unatukanwa wewe. Akanambia mali kauli. Anapeleka samaki thelathini, hapewi hata shilingi. Mwenye duka akiuza ndo analipa, na hiyo ni akikumbuka. Miezi miwili, mitatu, wakati wa kusi boti ndogo hazitoki hata duka halina mteja. Sasa ndoana nzuri anainunua kwa fedha taslimu, mbili kila samaki. Piga hesabu, ndoana sitini zimelala dukani kwa mtu na nyumbani watu wanataka kula. Kwa maduka yanayolipa haraka anatia zake. Kwa yanayochelewa anapeleka mwili mtupu.

Nimemwelewa. Lakini sijamsamehe sana. Angeandika tu kwenye karatasi "hauna ndoana", mwenye duka asingepata pa kujificha. Na huyo mwenye duka, jina simtaji, naye nilimwendea. Akanambia, "Sheikh, wateja wanataka cha bei rahisi." Sawa, lakini mteja huyo umemwambia kuwa umempunguzia bei kwenye ndoana?

Bei, haya. Chenye ndoana za duka nilinunua elfu kumi. Chenye ndoana za fundi ni elfu kumi na tano, duka jengine, dakika tano kwa miguu. Video iliyopita nilisema hata elfu kumi ni ghali kwa kipande cha msufi. Nimeliondoa neno hilo. Vya kigeni kwenye rafu hiyo hiyo vinaanzia arubaini na tano. Na hao wa kigeni nao walianzia wapi? Lauri Rapala, yule mvuvi wa Ufini aliyeanzisha vyambo vya Rapala, chambo chake cha mwanzo mwaka 1936 alikichonga kwa koki, ile ya vizibo vya chupa, na kisu cha fundi viatu, akakizungushia karatasi ya kung'ara ya chokoleti. Huyu wetu karatasi yake ya pakiti ya sigara, juu yake vanishi. Na haya macho, mashallah, rangi ya kucha ya mkewe. Kasema mkewe hajui. Kama dada unatazama, samahani.

Ila kasoro anayo, nisiwe kama nimelishwa. Kwa mwendo wa zile boti kubwa za watalii anaruka juu ya maji, hafai. Vanishi kwenye kidevu tayari imeanza kumenyeka, na nimemtumia safari nne tu, nimepata sehewa wawili na kolekole mmoja. Na hii pakiti ya ukili! Nzuri, inapendeza, mgeni atainunua bila kujua ndani kuna nini. Lakini ndoana inanasa kwenye ukili, ukiitoa huku inaingia kule, nimekaa robo saa baharini nashonoa kikapu huku samaki wanaruka mbele yangu. Fundi, tafadhali, kipande cha boksi kinatosha.

Wiki ijayo, ile maiki ikifika, tutakwenda kuwatafuta nguru kweli, si madumu. Bonyezeni kengele. Na ukienda dukani, angalia pete ya mkia kwanza, ukiona meno ya koleo... Subiri. Subiri, usigeuke. Imeninasa kikoi. Zima. Zima kamera bwana, imeshika nyuma huku, nnakwambia zima!