Fimbo ya Mzee ilivyofungiwa ofisini: uzoefu wangu wa mafunzo ya mjongeo hapa Mwanza

Kama umekuja kujua ada ni kiasi gani na mafunzo ni ya siku ngapi, waulize waandaaji wenyewe, watakujibu vizuri sana maana kwenye hela hawana uvivu. Mimi nina jambo moja limenikaa kooni tangu masika yale. Yalikuwa yanaisha au yameshaisha, sikumbuki, nakumbuka tope tu. Ni habari ya fimbo.

Nilienda kwa sababu ya mtoto. Darasani kwangu nina mwanafunzi mwenye ualbino. Watu wengi wanadhani shida ya hawa watoto ni jua na ngozi, kumbe macho nayo: mwanga unamuumiza, macho yanachezacheza yenyewe, na miwani haimalizi tatizo. Kila asubuhi anajikwaa kwenye ngazi ileile ya mlango wa darasa, na kila asubuhi mimi namwambia, "Angalia unapokanyaga." Niliposikia kuna mafunzo ya uelekeo na mjongeo kwa walimu, yaani namna ya kumfundisha mtu asiyeona au mwenye uoni hafifu ajue yupo wapi, anaenda wapi, na afike mwenyewe bila kuumia, nilikopa kwenye VICOBA nikalipa.

Ukumbi uko upande wa Kirumba, sitasema upi. Siku ya kwanza walitugawia ratiba. Chini kabisa kulikuwa na sehemu ya vifaa, na nainukuu kama ilivyo maana karatasi ninayo: fimbo 6, vitambaa vya macho 12, mtu asiyeona 1.

Mtu asiyeona mmoja. Kwenye vifaa.

Huyo "kifaa" ni mzee wa makamo ya baba yangu, anaishi mlimani kule kwenye mawe, alipoteza macho ukubwani. Nitamwita Mzee, inatosha. Aliingia na fimbo yake nyeupe ya zamani, isiyokunjika, ncha imelika upande mmoja. Akasimama mlangoni, akasema, "Mwangaluka," salamu ya asubuhi ya Kisukuma. Sisi wengine tukaitikia, tukaamkia shikamoo. Mkufunzi wetu, kijana wa juzi tu, akapita mbele yake akamshika mkono, akamvuta mpaka kwenye kiti. Hakusema shikamoo wala hakutaja jina lake. Sijui nani alimwambia kwamba shikamoo wanapewa wanaoona tu.

Lakini nikiri, kijana anajua kusoma. Asubuhi nzima alitueleza historia kwa ufasaha: kwamba zamani fimbo ilikuwa mkongojo tu wa kuegemea, mpaka miaka ya 1940 ambapo Richard Hoover, kwenye hospitali ya jeshi ya Valley Forge kule Marekani, akiwa na askari waliopofuka vitani, akatengeneza fimbo ndefu nyepesi na namna ya kuitumia. Fimbo inapepea kushoto na kulia mbele yako, upana unaozidi mabega kidogo. Mguu wa kulia ukienda mbele, ncha inagusa kushoto, pale ambapo mguu wa kushoto utakanyaga baadaye. Fimbo inatangulia kukagua kila hatua. Urefu wake ufike kifuani, kwenye ule mfupa wa katikati. (Fimbo sita walizotupa zote zilikuwa na urefu mmoja. Mwenzetu mmoja mrefu wa Ukerewe ilimfika kiunoni, akawa anatembea kama anachuma mchicha.) Akamalizia kwa kusema fimbo ni mkono wa asiyeona, na mkono wa mtu haunyang'anywi. Tukaandika. Nimepigia mstari hilo.

Saa nne, chai. Fimbo ya Mzee ilikuwa imeegemea kiti chake. Kijana akaichukua: "Isije ikamkwaza mtu." Akaiingiza ofisini kwa mratibu. Mratibu akafunga kufuli, akaondoka na ufunguo. Tulikuja kuambiwa kwamba ameshuka sokoni Mwaloni mara moja kununua dagaa, bei ilikuwa nzuri siku hiyo.

Wenzangu wakaitwa kusaini posho chumba cha pili. Nilikuwa nimechelewa kwenye chapati, ndiyo maana nikabaki. Mzee akageuza kichwa, akapapasa pembeni ya kiti, akapapasa tena upande wa pili, taratibu, kama mtu anayetafuta miwani asionekane amepoteza. Halafu akasema, "Mwanangu, nani yupo hapo? Naomba fimbo yangu, nataka kwenda kujisaidia."

Nilienda ofisini. Kufuli. Nikamwita kijana, akanijibu akiwa anahesabu majina, "Mwambie asubiri kidogo." Mwambie! Mzee yupo hatua nne, anasikia kila neno, masikio yake ni mazima kuliko ya wote mle ndani.

Hapa sijui nifanyeje kuelezea. Mimi mwanamke, yeye mzee wa kuniozesha, vyoo viko nyuma ya jengo, unashuka ngazi tisa zilizochongwa kwenye mwamba, hakuna mbili zinazofanana kimo. Nikamwambia, "Baba, tutakwenda mimi na wewe." Nikamshika chini ya kwapa.

"Unanivuta. Mimi siyo mbuzi wa mnada. Nipe kiwiko."

Nilikuwa nimepata tisa kwa kumi kwenye jaribio la somo hilohilo dakika arobaini nyuma! Yeye anashika juu ya kiwiko changu, natangulia nusu hatua, mwili wangu unamwambia kona iko wapi. Nilijua. Mikono haikujua. Tulipofika ngazini nikasema, "Baba, angalia ngazi."

Akasimama. "Niangalie na nini?"

Nilitamani mwamba unimeze. Hakukasirika, nadhani amesema sentensi hiyo mara nyingi maishani. "Ukifika ngazi, simama. Niambie inapanda au inashuka, basi. Wewe tangulia ngazi moja, mimi nitakusikia kwenye mkono." Tukashuka. Ya tano ni ndefu, nikamwambia ni ndefu. Pale penye upenyo mwembamba nikapeleka mkono mgongoni, akanifuata nyuma. Mlangoni nikamweleza mlango unafunguka ndani, ndoo kulia, shimo mbele hatua mbili, nikageuka nikaangalia ziwa. Hakuna aliyenipa maksi.

Fimbo ilipatikana karibu na saa sita. Mratibu alirudi na rambo lake la dagaa, akacheka, "Aa, kumbe mlikuwa mnaihitaji?"

Kwa hiyo nilitaka kuandika msiende, basi. Lakini ngoja.

Mchana Mzee akaombwa "atoe ushuhuda", neno lao. Badala ya ushuhuda akatufundisha Mwanza. Ardhi ikishuka ujue unaelekea ziwani. Upepo wa mchana unatoka majini, ukikupiga usoni unajua umeelekea wapi. Harufu ya dagaa usiitegemee peke yake maana inahama na upepo. Mwamba hauhami, kalvati halihami. Meza ya mchuuzi leo ipo, kesho mgambo wamepita. Mule kwenye makabrasha wanaita alama ya kudumu na kidokezo, nilisoma mara tatu sikuelewa, yeye alimaliza kwa dakika mbili.

Na hayo makabrasha! Yametafsiriwa kutoka nchi ambayo magari yanapita kulia. Yanasema ukisimama ukingoni mwa barabara sikiliza kwanza kushoto. Hapa kwetu magari yanapita kushoto, gari lililo karibu yako linatoka kulia. Tulisoma kwa sauti darasa zima, watu wazima kumi na wawili, hakuna aliyeshtuka. Mzee ndiye aliyecheka: "Huyo mtakayemfundisha hivyo msomeeni dua kabisa." Akaongeza, "Na bodaboda inatoka popote." Kijana akasema tufuate mwongozo, maswali mwishoni. Mwishoni hapakuwa na muda.

Unaona hasira zinavyonipanda tena? Nilishaanza kuwasamehe.

Haya, haki yao niwape. Kulikuwa na dada mmoja msaidizi, alipewa robo saa tu siku ya mwisho, akazungumzia uoni hafifu: mtu mwenye macho ya namna ile haoni ukingo wa ngazi kama rangi ya juu na ya chini ni moja. Paka mstari. Nilirudi shuleni, nikanunua kopo dogo la rangi ya njano, nikapaka ukingo wa ile ngazi ya saruji. Mtoto hajajikwaa tena. Siku ya kwanza alisimama akaitazama, akaruka kwa miguu miwili, akarudi, akaruka tena. Kwa robo saa ile peke yake ada yangu imerudi, na hapo ndipo ninapochanganyikiwa, maana nikikwambia usiende na wewe una mtoto kama huyu, nitakuwa nimekukosea. Nenda. Ila kaa karibu na Mzee kama yupo, na yule dada ukimwona mfuate hata kwenye chai. Kijana mwache ahesabu majina.

Majuzi wamenitumia ujumbe WhatsApp, kuna awamu ya pili, ada imepanda. Nimewauliza Mzee atakuwepo, atalipwa kama mkufunzi au bado yupo kwenye vifaa, na ufunguo wa ofisi atakaa nao nani. Tiki mbili za bluu, tangu Jumanne.