Fairlady Z ya kwenye gemu: ununue ipi, na kwa nini uanze kukagua mlango wa nyuma

Mwaka jana nilinunua Fairlady Z, gari la kispoti la Nissan, ya mwaka 1972 iliyoongezewa nguvu, na safari yangu ya kwanza nayo, ya usiku, ilichukua saa mbili na nusu, kwenye barabara kuu ya hapa Uingereza ninakoishi. Nilifika nyumbani kichwa kikinigonga na macho yakiniwasha, na binti yangu aliyekuja kunipokea mlangoni akaniuliza kama nimemwagikiwa mafuta ya taa. Nilipompigia simu muuzaji kesho yake alinijibu kwamba magari ya zamani ndivyo yanavyonuka. Jibu hilo si kweli, na kwa kuwa wasomaji watatu wameniandikia wakitaka kununua gari hilihili walilolipenda kwenye gemu za mbio za magari za Gran Turismo au Wangan Midnight, naona ni wajibu wangu kueleza jambo ambalo matangazo ya mauzo hayalitaji.

Sitazungumzia kasi wala sauti ya injini, kwa sababu hayo kila mnunuzi hujikagulia mwenyewe, na hata kutu, ambayo hula mabati ya gari hili chini ya betri na sakafuni, imekwisha kuandikwa vya kutosha. Ninachokisisitiza ni moshi wa ekzosi unaoingia ndani ya gari. Z ya kizazi cha kwanza haina ukuta kati ya buti na viti, hivyo chochote kinachopenya nyuma humfikia dereva moja kwa moja. Gari likienda kasi, hewa iliyo nyuma ya mkia wake ulioinama hubaki na mgandamizo mdogo, moshi huzunguka hapohapo badala ya kuachwa barabarani, na ukifungua kioo cha dirisha la mlango kidogo ili upate hewa safi, gari huuvuta moshi huo kupitia kila upenyo wa nyuma. Magari yaliyoongezewa nguvu huwa mabaya zaidi, kwa kuwa kabureta tatu zilizofunguliwa kupita kiasi hutoa petroli isiyoungua, ekzosi mpya mara nyingi hukatwa fupi kuliko ya kiwandani, na fundi aliyehamishia betri kwenye buti huacha tundu la waya bila kulizibia raba. Harufu ya petroli ndiyo inayokuzindua, lakini hewa ya kaboni monoksidi iliyo ndani ya moshi huo haina harufu yoyote, na hiyo ndiyo inayoua.

Ukaguzi wake ni wa dakika kumi. Bana karatasi kwenye mlango wa nyuma, uufunge, kisha uivute. Karatasi ikitoka kirahisi, raba imekufa mahali hapo, na urudie hivyo kuzunguka mlango mzima. Gizani, jifungie ndani na umwombe mwenzako apitishe tochi nje, kuzunguka taa za nyuma na chini ya tairi la akiba. Katika gari langu mwanga uliingia kama uzi mweupe kandokando ya taa ya kushoto, na nilipoitoa taa nikakuta bati la nyuma limekatwa kwa msumeno, likafunikwa kwa kipande cha alumini kilichopigiliwa ribiti, bila gesiketi.

Nikizipanga Z hizi kwa kipimo hicho, ya kwanza ni 240Z, yenye injini ya lita 2.4, ya miaka 1971 hadi 1973. Chagua iliyotengenezwa baada ya matundu ya hewa kuhamishwa kutoka kwenye mlango wa nyuma hadi kwenye nguzo za pembeni, na ikiwezekana iliyofungwa injini ya Nissan ya L28, ya lita 2.8. Natamka waziwazi kwamba naipendelea Nissan kuliko kampuni nyingine yoyote ya Japani, na mapenzi hayo niliyarithi kwa baba yangu kule Mombasa, ambaye hakuchoka kusimulia jinsi 240Z ilivyoshinda Safari Rally mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, aliyelingana alama na Harry Källström kabla ya kutangazwa mshindi. Gari lililopita katika vumbi na tope lile halihitaji kusifiwa na muuzaji.

Ya pili ni 280Z ya miaka 1975 hadi 1978, iliyotengenezwa kwa soko la Amerika ya Kaskazini. Usukani wake uko kushoto na bampa zake ni nzito, lakini mfumo wake wa kupuliza petroli huunguza mafuta vizuri, kwa hiyo moshi wake hausumbui kama wa wenzake. Ya tatu ni 260Z, ambayo hapa Uingereza huonekana kwa urahisi zaidi ikiwa na usukani wa kulia. Mwisho naweka zile zinazoiga gari la buluu la Wangan Midnight, zenye L28 iliyotanuliwa hadi lita 3.1 na turbo mbili. Lita hizo hupatikana kwa kufunga krenki ya injini ya dizeli ya LD28, inayozipa pistoni mwendo wa milimita 83, na pistoni zenye kipenyo cha milimita 89. Ni kazi nzuri ikifanywa na bingwa, ila nimeziona mbili, na zote zilikuwa zimetobolewa nyuma kama chujio.

Bodi tupu zinazouzwa kwa bei ya chini usizinunue.

Linaloniudhi zaidi ni majina na bei. Fairlady Z nyingi zinazotoka Japani zilizaliwa na injini ya lita 2.0, nambari ya chasi ikianza na S30, ilhali 240Z halisi ya Japani huanza na HS30. Wauzaji hubadilisha injini, hubandika nembo ya 240Z, kisha hudai bei ya 240Z. Soma nambari iliyogongwa kwenye ukuta ulio nyuma ya injini kabla hujataja pesa. Msomaji wangu wa Nairobi nilimkumbusha pia kwamba Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka 8, hivyo atafute lililokwishakuwamo nchini.

Langu nililiuza mwezi wa Novemba kwa hasara, kwa kuwa lilihitaji bati zima jipya la nyuma. Kabla sijapokea pesa nilimpa mnunuzi karatasi na tochi, nikaingia ndani, nikamwambia aanze na taa ya kushoto.