Kuzunguka Unguja na mama mkwe kwa gari la kulala: uzoefu wangu

Nitoe jibu kwanza, maana wengi mnaoniuliza hamtaki maneno mengi. Gari la kulala hapa Unguja linafaa kukodiwa, ila faida yake iko mchana. Usiku ni mzigo. Kisiwa chenyewe kina urefu wa kilomita 85 hivi, hakuna pembe utakayofika ukashindwa kurudi mjini kulala kwako. Anayekunadia gari kwa maneno ya "popote utakapochoka, lala" anakuuzia mambo ya nchi kubwa.

Tulikuwa watatu: mimi, mume wangu na mama yake, ambaye magoti yamemgomea siku nyingi. Mama amezaliwa hapahapa na amezeeka hapahapa, lakini magofu ambayo wajukuu wanasomeshwa skuli alikuwa hajawahi kuyatia machoni. Gari lilikuwa Hiace iliyoinuliwa bati la juu, viti vya nyuma vimeng'olewa, badala yake kuna kitanda cha kukunja cha watu wawili, jiko dogo la gesi, friji ya betri, dumu la maji lenye bomba na turubai la kukunjua ubavuni. Walitaka kutupa na choo cha plastiki, tukakataa. Siku zote hizo sikuona mahali ambapo mtu angekwenda kukimwaga. Jina la aliyetukodisha nalihifadhi, kwa sababu nina malalamiko naye mawili.

Maruhubi na Mtoni ni palepale njiani ukitoka mjini, hata daladala ingetufikisha, kwa hiyo hatukukaa. Maruhubi ni nguzo tu zilizobaki baada ya kasri ya Sayyid Barghash, aliyekuwa sultani wa Zanzibar, kuungua mwaka 1899, na Mtoni ndiko alikozaliwa Bibi Salme, binti wa Sultani Sayyid Said, mwaka 1844. Kidichi ndiko nilikoanza kuona thamani ya kile kitanda. Hamamu ya pale, yaani nyumba ya kuogea, Sayyid Said aliijenga mwaka 1850 kwa ajili ya mke wake wa Kiajemi, na ndani kuta zake zina nakshi za chokaa za maua na ndege ambazo huzioni kwenye majengo mengine ya wakati ule. Ukungu umekula sehemu kubwa, lakini ukisogeza tochi ya simu ubavuni badala ya kuimulika nakshi usoni, majani yanatokeza moja moja. Mama alitazama mpaka akatosheka, akatoka, akapanda garini akajinyoosha mlango wazi, upepo wa kilimani unaingia, sisi tukaendelea kuranda. Kwa teksi angekaa kiti cha mbele miguu imekunjwa, na baada ya nusu saa angeanza kuuliza tunaondoka lini.

Hivyo ndivyo safari nzima ilivyokwenda. Saa sita mchana, jua la utosi, watu wengine wanakimbilia hoteli, sisi tunakunjua turubai chini ya mwembe, chai ya rangi inachemka, boflo lipo, samaki wa kukaanga wa Darajani yupo. Mama anatia udhu kwa maji ya dumu bila kuulizia bomba la mtu. Kama una mzee au mtoto mchanga, kwa hilo tu pesa yako haijapotea.

Mangapwani sikutaka tupite haraka. Pango la matumbawe lenye maji baridi liko upande mmoja, na chumba cha watumwa kiko mbele kidogo kwa njia ya vumbi. Soko la watumwa la mjini lilifungwa kwa mkataba wa mwaka 1873, biashara ikahamia mafichoni, na chumba hiki kilichochimbwa ndani ya jiwe ni katika mabaki ya wakati huo. Unashuka ngazi na dari unaikuta karibu na kichwa. Mume wangu aliweka kiganja ukutani, akanionyesha jinsi jiwe lilivyochongwa kwa mkono, alama za chuma bado zinasomeka. Mama hakushuka. Alikaa kwenye ukingo wa mlango wa gari akasoma Fatiha, na hakuna aliyezungumza mpaka tuliporudi kwenye lami. Njia hiyohiyo ndiyo iliyotuchubulia turubai: matawi yanaingia barabarani, na Hiace ya kawaida ingepita, iliyoinuliwa bati haipiti salama. Pima urefu wa gari kabla hujaondoka, na uwe na mtu wa kuteremka kutazama juu.

Sasa usiku. Tulifika Fukuchani jioni, kwenye ile nyumba ya mawe ya karne ya 16 inayoitwa ya Wareno ingawa wataalamu wengi wanaiona ni ujenzi wa wenyeji. Mahali pazuri, Tumbatu iko mbele yako. Tukasema tulale jirani. Hapa kwetu hulali kwenye ardhi ya watu kimyakimya, basi mume wangu akaenda kwa sheha, kiongozi wa mtaa.

"Shikamoo sheha."

"Marahaba. Gari lile ni lenu? Mnauza nini?"

"Hatuuzi, tunatembea. Tunaomba tulaze gari hapa usiku mmoja tu."

Sheha akaja mwenyewe kuhakikisha. Akachungulia ndani, akaniuliza mimi ni nani, nikasema mke. Akamwona mama amekaa kitandani. "Na huyu?"

"Mama yangu mzazi," mume wangu akajibu.

"Mzee halali garini kwenye mtaa wangu. Mama, karibu nyumbani, wanawake wapo."

Mama hakungoja kuambiwa mara mbili. Alilala kwa sheha kwenye kitanda cha besera, akala na wenyewe, na asubuhi alikuja na mkungu wa ndizi. Sisi wawili tuliobaki garini tulikuwa kama mihogo kwenye sufuria iliyofunikwa. Ukifungua dirisha mbu wanaingia, na vyandarua vya madirisha vilikuwa na matundu. Ukifunga, unaoga jasho. Feni ilizunguka mpaka usiku wa manane ikakata, na friji nayo ikakata. Betri ya pili ilikuwa imekufa, na hilo ndilo lalamiko la kwanza. Nakiri haki yake mwenye gari: tulipompigia asubuhi alituma kijana na betri nyingine, tukakutana naye Mahonda, akafunga hapohapo bila kudai kitu. Lakini betri ile haikufa njiani, ilitoka imekufa.

Kitu kimoja kuhusu joto, maana kina mantiki yake. Msimu wa kusi upepo unapiga upande wa mashariki na kusini, kwa hiyo ukiwa Makunduchi au Jambiani usiku unajifunika shuka, na ukiwa pwani ya kaskazini magharibi upepo huohuo umekingwa na kisiwa. Sisi tulikwenda wakati wa kusi na bado Fukuchani tuliumwa na joto. Wakati wa kaskazi sijui ungelala vipi. Masika usijaribu kabisa, njia za udongo hazipitiki kwa gari zito.

Jozani mlango wa gari ufungwe, na usimlishe mnyama. Ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2004, na kima punju kwa asili hawapatikani pengine duniani isipokuwa Zanzibar. Wengi wao tuliwakuta upande wa pili wa barabara, kwenye mashamba ya watu, kwa hiyo mama aliwaona bila kutembea sana. Njia ya msituni ni mizizi mitupu, na hiyo aliiacha. Yule muongoza wageni alitwambia kima hawa hula mkaa, nao unawakinga na sumu ya majani ya miembe na miti ya mikungu wanayokula. Mama akasema ndiyo maana mkaa umepanda bei. Matuta ya barabarani pale yamewekwa kwa ajili ya kima waliokuwa wakigongwa, basi endesha polepole, na masufuria uyafunge kwanza.

Kizimkazi Dimbani nje utaona msikiti wa kawaida wa bati, unaweza kuupita. Ndani, kwenye kibla, kuna maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Tulikwenda baina ya swala, tukamtafuta mwenye ufunguo, tukajisitiri. Mama anasoma Kurani tangu utotoni, alisogea akakunja macho, akafuata herufi kwa kidole hewani bila kugusa ukuta, na hakuweza kuzisoma. Zimenyooka na kukunjana, hazina nukta. Alikaa pale kuliko mahali popote. Usiku ule tulilala Makunduchi, na huo ndio usiku pekee niliolala garini usingizi wa haki.

Mji Mkongwe usilipeleke hili gari. Vichochoro havikubali.

Bei ya siku ilikuwa karibu na chumba cha wastani cha Paje, mafuta juu yako, kwa hiyo usitarajie kuokoa pesa. Ningelikodi tena kwa kutwa, jioni narudi kwangu, kama wangekubali kupunguza. Nimeuliza, wanasema wanatoa kwa usiku tu. Na lalamiko la pili ni amana. Walikata pesa ya turubai, sawa, tulilichubua sisi, lakini walitaka kukata na ya vyandarua vilivyotoboka. Nilikuwa nimepiga picha siku ya kulichukua gari, kila dirisha. Nikawaonyesha, wakarudisha.