Uzoefu wangu: nusu siku ya baiskeli na mwongoza wageni katika Tanga ya 1914

"Mizinga ipi, mwanangu?"

Tulikuwa chini ya mwembe, njia ya kwenda Raskazone, baiskeli tumeziegemeza kwenye shina. Nilikuwa namsomea mzee anayetuongoza wageni ukurasa wa riwaya yangu ya vita vya Tanga, Waingereza dhidi ya Wajerumani, ninayoihangaikia mwaka wa tatu sasa, nikafika pale niliposema "mizinga ikalia, kila mtu akaanguka kifudifudi." Akanikatisha. Siku ile, akasema, mizinga ilikuwa ya aina mbili: ya manowari huko baharini, na ya nyuki iliyoning'inia mitini. Sentensi yangu inazungumzia ipi? Nilikosa jibu. Neno nimelitumia tangu utotoni, na vita nzima imo ndani yake, nami nililipita bila kulisikia.

Huduma yenyewe niliilipia shilingi 40,000, baiskeli ikiwemo. Tulianzia stesheni ya reli, tukakatiza mjini hadi Raskazone, tukamalizia makaburi ya Sakarani. Baiskeli ilikuwa nzima, breki zinashika, tandiko limekazwa. Kwa mji wa baiskeli kama Tanga ndivyo inavyopaswa, ila kwingine nimewahi kupewa mkweche.

Stesheni alianza na habari ya reli. Tarehe 2 Novemba 1914 manowari ya Kiingereza, Fox, ilitangulia bandarini kuwataka Wajerumani wasalimu amri, kisha ikarudi kuzifuata meli nyingine. Muda huo uliwatosha Wajerumani. Habari zikapelekwa kwa waya, na askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, wakateremka kwa treni kutoka Moshi. Walikuwa elfu moja hivi dhidi ya watu kama elfu nane. Mhusika wangu mkuu, askari kijana wa Kibondei, nilikuwa nimemtokeza msituni na panga mkononi. Pale kando ya reli niliona wazi kwamba anatakiwa kushuka behewani, macho mekundu kwa kukosa usingizi, bado hajui anakwenda kupigana na nani.

Kilichonifaa kuliko vyote ni kutembea. Mzee alitaka tukokote baiskeli kutoka Raskazone kurudi mjini saa sita mchana, jua la utosini, kwa sababu ni mchana kama huo jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Aitken, wengi wao askari wa Kihindi, liliposonga mbele tarehe 4. Ni kama kilomita tatu. Leo kuna lami. Wao walikuta mashamba ya mpira na mkonge, na vichaka ambavyo mtu hamwoni mwenzake. Katika rasimu nilizimaliza kilomita hizo kwa maneno matatu: "Wahindi wakaja mbio." Nusu ya njia shati limenigandia mgongoni, ulimi mzito, nikawaza vijana waliopakiwa Bombay, wakakaa baharini zaidi ya wiki mbili wakitapika, wakashushwa ufukweni na kuambiwa twende. Kwa hali ile mbio zingetoka wapi? Adui niliyemwandika hakuwa na sura. Sasa ana midomo iliyopasuka na mchanga ndani ya viatu, na sehemu nzima hiyo naiandika upya.

Hapo hapo tulibishana. Mzee anashikilia kwamba nyuki ndio walioshinda vita, na nadhani wageni wengi hupenda kuisikia hivyo. Sikubaliani naye. Waliowaua wale vijana ni wapiga bombomu, yaani bunduki za rashasha, na wapiga bunduki za kawaida waliojipanga upande wa reli. Nyuki walichokozwa na risasi, wakauma yeyote waliyemfikia, hata wapiga bombomu wa Wajerumani. Kwa riwaya yangu hilo lina uzito kuliko muujiza wowote. Askari wangu anajifunika uso kwa mikono, anaumwa sawasawa na Mhindi aliyetumwa kumpiga, na kwa mara ya kwanza anajiuliza bendera anayoipigania ni ya nani. Dhamira niliyoitafuta miaka mitatu niliipata katikati ya ubishi ule, na namshukuru mzee kwa kutonikubalia haraka.

Lalamiko langu ni la Sakarani. Asubuhi alichelewa saa nzima, kisha akaufidia muda huo makaburini: dakika kumi, twende. Pale panataka utulivu. Bwana Sakarani ni jina ambalo Waswahili walimpa Tom von Prince, ofisa aliyepigana na Mkwawa, baadaye akawa mwenye shamba Usambara, na akauawa hapa Tanga tarehe 4 Novemba. Sakarani, yaani mlevi, mtu asiyejizuia. Kwa neno moja wamemmaliza. Mimi ofisa wangu wa Kijerumani nilimpa kurasa mbili za masharubu, miwani na buti. Nimezifuta zote.

Bei ni ya haki. Beba maji yako, maana hatoi, na mwambie mapema kwamba makaburini unataka saa nzima.

Mimi narudi. Usiku wa kuamkia tarehe 4, Lettow-Vorbeck mwenyewe aliingia mjini kwa baiskeli, mitaa mitupu, akafika bandarini akaziona meli za adui zimewaka taa. Sitaki kuiandika safari hiyo kabla sijaiendesha. Mzee amekubali: tukutane stesheni baada ya swala ya isha, na taa za baiskeli tuzizime.